Yafaa Mtu Aache Kazi Aendeshe Biashara ya Programu Peke Yake?

MSANIDI: Hoja yangu ni hii: mtu aliyejaaliwa maarifa ya kutunga programu za kompyuta, akaona haja ya kweli kwa wafanyabiashara wa mji wake, akatunga chombo cha kuikidhi haja hiyo, kisha wakapatikana watu wanaokilipia kwa hiari yao mwezi baada ya mwezi pasina kubembelezwa, mtu huyo hana sababu ya kuendelea kukaa katika ajira, na akiiacha hatendi upuuzi wala hakufuru riziki aliyopewa. Biashara nyingine aghalabu zataka rasilmali kwanza: mwenye kutaka duka sharti apate chumba na bidhaa, na mwenye kutaka kazi ya uchukuzi sharti akope gari, bali hii rasilmali yake ni kompyuta moja, mtandao, na akili ya mwenyewe, na kitu kilichotungwa mara moja huweza kumfaa mtu wa mia kama kilivyomfaa wa kwanza, wala hakipungui ghalani. Mimi nimetunga programu ya maduka ya jumla hapa Mombasa, ya kuweka hesabu ya bidhaa na madeni ya wateja wa mkopo. Maduka 80 huilipia shilingi 2,000 kila mwezi, ndiyo kusema shilingi 160,000. Na mshahara ninaoupokea kwa tajiri wangu baada ya makato ni shilingi 120,000. Kilichobaki ni barua ya kuacha kazi, na sioni kwa nini nisiiandike.

MHASIBU: Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na mimi, mwanangu, niliyemaliza umri wangu katika vitabu vya hesabu za watu, nimeona misala mingi ikipita. Umelinganisha vitu viwili visivyolingana. Shilingi 160,000 ni mapato, si faida. Na shilingi 120,000 ni mshahara uliokwisha kukatwa kila kinachokatwa. Toa kwanza ijara ya seva, toa gharama ya ujumbe mfupi unaowakumbusha wadeni wa wateja wako, toa makato ya malipo ya simu, toa nauli za kuwaendea wanaochelewa, na uwatoe kabisa wale ambao hawatalipa. Kisha iko kodi: mapato yako ya mwaka ni shilingi 1,920,000, na kwa kuwa yamevuka milioni moja yanaingia katika ile kodi ya jumla ya mauzo ya asilimia 3, ambayo hutozwa juu ya mauzo yenyewe, uwe umepata faida au umepata hasara, hiyo ni shilingi 57,600. Fauka ya hayo, yako mambo ya ajira yasiyoonekana katika karatasi ya mshahara. Katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mwajiri hutia kadiri ile ile anayotia mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili, na ukiugua yakupa siku za ugonjwa zenye malipo. Hayo yote utakuwa umeyaacha mlangoni. Ukiyahesabu kwa insafu, mshahara wako ni zaidi ya 120,000, na faida yako ni pungufu ya 160,000, na yamkini hii ya pili imekwisha kuwa ndogo kuliko ile ya kwanza.

MSANIDI: Hesabu zako, mzee wangu, nazikubali, na nitazipitia leo leo. Lakini iko hesabu moja umeiacha. Mwajiriwa naye ni mfanyabiashara, ila mfanyabiashara mwenye mteja mmoja tu, na mteja huyo akimtaka aondoke, riziki yake yote imeondoka kwa siku moja. Sheria hiyo hiyo uliyoitaja yasema kwamba tajiri akipunguza wafanyakazi hupaswa kutoa ilani isiyopungua mwezi mmoja na kumlipa anayeondoka ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mimi nina miaka minne. Ndiyo kusema ngome yangu yote ni mwezi mmoja wa ilani na siku 60 za mshahara. Duka moja katika yale 80 likiniacha, nimepoteza sehemu moja katika 80, na kesho yake bado nakula. Sasa niambie ni nani kati yetu aliyeweka mayai katika kapu moja, yule unayemwita salama au yule unayemwita mjasiri?

MHASIBU: Hoja hiyo ni nzuri, na ningeisalimu laiti maduka 80 yangekuwa kweli maduka 80. Je, waweza kuniapia kwamba hayawezi kukuacha yote kwa pamoja? Yote ni maduka ya jumla, yote yako katika mji mmoja, yote hununua na kuuza kwa taratibu zile zile, na yote husimamiwa na mamlaka moja ya kodi. Ulishuhudia mwenyewe mambo ya eTIMS: Mamlaka ya Mapato ilipoamuru ankara za kielektroniki, na sheria ikasema kwamba tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya mfumo huo haitakubaliwa, kwa kawaida, katika hesabu ya kodi, kila mwenye duka alitaka programu yake iweze kuzungumza na mfumo wa serikali, naye alitaka upesi. Programu isiyoweza haikupoteza mteja mmoja mmoja, ilipoteza wote. Kadhalika wale wanaouza programu za simu katika masoko ya wenyewe. Apple ilipofungua soko lake mwaka 2008 ilichukua asilimia 30 ya mauzo; mwaka 2021 ikawapunguzia wadogo hadi asilimia 15, na wadogo wakashukuru; ila aliyepunguza kwa uamuzi wake mwenyewe aweza pia kuongeza kwa uamuzi wake mwenyewe. Umekimbia tajiri mmoja unayemjua jina na sura, ukaingia chini ya matajiri ambao hawatakuita ofisini kukueleza.

MSANIDI: Mambo ya eTIMS uliyoyataja kunitisha ndiyo yaliyonipa theluthi ya wateja nilio nao. Makampuni makubwa yaliwaambia wenye maduka wangoje. Mimi nilikaa Kongowea juu ya magunia, nikatazama jinsi karani anavyoandika ankara huku watu watatu wanamsemesha, nikarudi nyumbani nikaitengeneza programu ifuate mwendo wa karani yule. Mabadiliko humwangusha aliye mzito, nami si mzito. Tena haya si mambo mapya yaliyozuliwa na vijana wa leo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mtu binafsi mwaka 1981, mtumishi wake mmoja wa upande wa Seattle aitwaye Jim Knopf alikuwa ametunga programu ya kupanga orodha, na haja yake ya kwanza ilikuwa kuchapa anwani za waumini wa kanisa. Mwaka 1982 alianza kuigawa bure, akiwaomba wanaoridhika nayo wampelekee dola 10. Fedha zikaja kwa posta. Mwaka 1984 akaiacha IBM, kampuni ambayo siku zile hakuna aliyedhani kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kuiacha.

MHASIBU: Nimefurahi umemtaja huyo, kwani umemleta shahidi wangu ukidhani ni wako. Alianza 1982, akaondoka 1984. Miaka miwili alikuwa akifunga bahasha usiku na kwenda kazini asubuhi, na hakuondoka mpaka fedha za programu zilipokuwa mara kadhaa ya mshahara wake, si theluthi moja juu yake kama zako. Tena baada ya kuondoka hakubaki peke yake. Aliajiri watu, kwa sababu kazi ilimshinda. Nitakuongezea na shahidi wa pili. Patrick McKenzie, Mmarekani aliyekuwa ameajiriwa Japani, alitunga mwaka 2006 kijiprogramu cha kuwachapia walimu kadi za mchezo wa bingo za kufundishia watoto kusoma. Ni kitu kidogo, na nasema hivyo kwa heshima, maana kilikuwa na wanunuzi wa kweli. Alikiendesha saa za usiku, na ajira hakuiacha mpaka mwaka 2010. Miaka minne! Wanaosimuliwa kama mashujaa wa kuacha kazi, ukizitazama tarehe zao, ni mashujaa wa kubaki kazini.

MSANIDI: Na wale walioondoka mapema hukuwataja. Markus Frind wa Vancouver alianzisha Plenty of Fish mwaka 2003, akaiendesha peke yake kwa miaka, na mwaka 2015 ikanunuliwa kwa dola milioni 575.

MHASIBU: Sikumtaja kwa sababu hafai kuwa kipimo cha mtu yeyote. Mtu mmoja akipata kwa mamilioni, habari zake huvuka bahari; na wale ambao programu zao zilikufa kwa kukosa mnunuzi hawana mtu wa kuwasimulia. Mwenye kufanya uamuzi wa nyumba yake kwa hadithi ya Frind anajidhulumu.

MSANIDI: Basi tumwache Frind, sikumtegemea. Lakini hiyo subira ya miaka unayoihimiza ina gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na mimi peke yangu. Mwenye duka huniita saa nne za asubuhi, wakati lori la unga limesimama mlangoni na programu imekataa kupokea bidhaa. Saa ile mimi nimekaa mbele ya kazi ya tajiri wangu. Nikiijibu simu, nimemwibia aliyeninunulia saa zangu. Nisipoijibu, nimemkosea aliyenilipa shilingi 2,000 kwa ahadi ya msaada. Kila siku ya kazi nachagua nimkosee nani. Nikirudi nyumbani usiku natengeneza kwa macho mazito, na kosa la usiku hugunduliwa asubuhi dukani. Programu yangu haiwezi kukua kwa saa zilizobaki baada ya mtu mwingine kuchukua saa zilizo bora. Unaniambia ningoje mpaka biashara iwe kubwa ndipo niache kazi, nami nakuambia kwamba kazi ndiyo inayoizuia biashara isiwe kubwa. Hapo pana fundo ambalo subira haitalifungua. Na kama wewe ni mtu wa adili, nami nakujua hivyo, huwezi kunishauri niendelee kuwadanganya wawili kwa pamoja.

MHASIBU: Sikushauri udanganye. Lakini madhali umeutaja uaminifu, nijibu hili: programu hiyo ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yasema kwamba kazi iliyotungwa na mtu katika utumishi wake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, ila pakiwa na mapatano mengine. Uliandika walau mstari mmoja wa msimbo huo kwa kompyuta ya ofisi? Saa za ofisi? Ulitumia chochote ulichojifunza katika siri za tajiri wako? Wengi hufanya haraka ya kuandika barua ya kuondoka kabla ya kusoma barua waliyotia sahihi siku ya kuingia, na siku biashara inapochangamka ndipo wakili wa kampuni anapobisha hodi.

MSANIDI: Nimeusoma mkataba wangu neno kwa neno. Tajiri wangu yu katika mambo ya bima. Mimi naandika habari za mchele na mafuta ya kula. Kompyuta ni yangu, nilinunua kwa akiba yangu, na saa nilizotumia ni za baada ya isha.

MHASIBU: Za baada ya isha ni za nani? Wasema “peke yangu”, neno linalopendwa sana na watu wa kazi hii, lakini nionyeshe mmoja aliyefanya peke yake kwa hakika. Eric Barone wa upande wa Seattle alitunga mchezo wa Stardew Valley zaidi ya miaka minne, akachora mwenyewe, akapiga muziki mwenyewe, na ulipotoka mwaka 2016 ukanunuliwa na mamilioni ya watu. Miaka ile yote alipata fedha kidogo kwa kuwaonyesha watu viti katika jumba la maonyesho, na sehemu kubwa ya gharama za nyumba ilibebwa na mwenzake aliyeishi naye, kwa kazi zake. Mkeo ni mwalimu. Siku utakapoacha kazi, mshahara wake ndio utakaokuwa rasilmali ya biashara yako, ingawa jina lake halimo katika cheti cha biashara. Umemwandikia hisa gani?

MSANIDI: Hapo umenigusa pahali pa haki. Tumezungumza naye, na aliridhia, lakini ni kweli kwamba hatukuandika. Nitaandika. Hata hivyo usiifanye ridhaa yake kuwa si kitu. Yeye ndiye anayeniona sili pamoja na watoto, na ndiye aliyeniambia kwamba baba aliyepo nusu katika kazi mbili huwa hayupo kabisa katika nyumba.

MHASIBU: Na ukiiacha moja utakuwepo? Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, alitoa mchezo wa simu wa Flappy Bird mwaka 2013; mwanzoni mwa 2014 ulikuwa ukiingiza, kwa habari zilizotangazwa, dola 50,000 kwa siku kwa matangazo, na Februari ya mwaka huo huo aliuondoa mwenyewe sokoni, akisema kwamba umemharibia maisha yake ya kawaida. Huyo hakushindwa na hasara, alishindwa na faida. Biashara ya mtu mmoja haina naibu. Ukifiwa, simu inalia. Ukiwa safarini kwa mazishi Lamu, simu inalia. Mfungo wa Ramadhani ukiisha na watu wote wanaenda kuswali Idi, ndiyo siku maduka yamefunga hesabu za mauzo makubwa ya mwaka, na simu inalia. Mimi sipingi kwamba utapata fedha. Napinga dhana kwamba utapata uhuru.

MTEJA: Nawaombeni radhi kwa kuingia kati, lakini nimewasikiliza muda mrefu, na kwa muda huo wote mimi nimekuwa idadi tu. Huyu ananitaja kama sehemu moja katika 80, na yule ananitaja kama simu inayolia. Mimi ndiye ninayelipa. Nina duka la jumla Kongowea nililoachiwa na marehemu mume wangu, na katika programu ya kijana huyu yamo madeni ya watu zaidi ya mia mbili: nani alichukua unga, nani alichukua sukari, nani aliahidi kulipa mwisho wa mwezi na nani amekwisha kuahidi mara tatu. Daftari la karatasi la mume wangu lilikuwa baya, limejaa mafuta, lakini alipofariki nililifungua nikasoma. Je, mwanangu, wewe ukifariki, ambayo Mungu aiepushe, nitafungua nini? Mmezungumza mishahara, kodi, likizo na watu wa Amerika, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza swali ambalo mimi huliuliza kila usiku ninapozima taa za duka.

MHASIBU: Bibi, umenisaidia. Huo ndio ushahidi wa mwisho kwamba kazi hii ni ya kampuni yenye watu wengi, si ya mtu mmoja. Nunua kwa kampuni kubwa, ulale.

MTEJA: Sikukusaidia, bwana mhasibu, usiharakishe. Kwa kampuni kubwa nilianza. Nilipiga simu, nikaambiwa na mashine nibonyeze namba. Nikamweleza binti wa Nairobi kwamba huku kwetu bidhaa hutoka leo na fedha huja mwezi wa mbele, akaniambia mfumo hauruhusu. Huyu alikuja dukani. Sitaki kumwacha, na hata kuajiriwa kwake sikutaki, maana kwa sababu ya ajira hiyo mimi humpata usiku tu. Mimi ni katika wanaotaka aache kazi. Ninachokataa ni kuachiwa mzigo wa hatari yake bila ya kuambiwa.

MSANIDI: Mama, nakuomba uniruhusu nijibu, kwani swali lako ni zito kuliko yote niliyoulizwa. Kampuni kubwa nayo haina umri wa milele. Yahoo iliinunua Delicious mwaka 2005, mahali ambapo watu walihifadhi viungo vya kurasa za mtandao. Mwaka 2010 zikavuja habari kwamba inakusudia kuizima, na umati wa watu wakahamia Pinboard, iliyoanzishwa 2009 na kuja kuendeshwa na mtu mmoja, Maciej Cegłowski, ambaye tofauti na wakubwa alimtoza ada kila anayeingia. Mwaka 2017 mtu huyo mmoja aliinunua Delicious yenyewe, masalio yake, kwa dola 35,000. Google nayo, pamoja na utajiri wake wote, ilikifunga chombo chake cha kusomea habari, Google Reader, mwaka 2013, na waliokipenda hawakuwa na wa kumlilia. Kilichomweka Cegłowski si ukubwa, ni kwamba wateja walimlipa, naye akaishi kwa malipo yao.

MTEJA: Umenithibitishia kwamba wakubwa hufa. Hukunithibitishia kwamba wadogo huishi. Mimi sitaki habari za Amerika, nataka nijue madeni yangu yatakuwa wapi. Tena ndani yake mna majina na namba za simu za watu walioniamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikusema kwamba mwenye biashara ndogo amesamehewa uaminifu. Walioandikwa humo ni majirani zangu. Siri ya mdeni ni amana kwangu kabla ya kuwa amana kwako.

MSANIDI: Nakala za akiba huchukuliwa kila usiku na kuwekwa mahali pawili.

MTEJA: Mahali pawili panapofunguliwa na nani?

MSANIDI: Na mimi.

MTEJA: Basi ni mahali pamoja.

MHASIBU: Jibu hilo, mwanangu, ungelilipa fedha nyingi kwa mshauri kulipata.

MSANIDI: Nalikubali, na naona haya kwamba limenifikia kwa kinywa cha mteja. Naweza kufanya hivi: orodha ya madeni ipelekwe kila usiku katika simu ya mwenye duka, kwa jedwali la kawaida linalofunguka bila ya programu yangu, msimbo na funguo za seva viwekwe kwa wakili, pamoja na maagizo ya maandishi, na nipatane na msanidi mwenzangu, naye ana biashara yake kama mimi, ili kila mmoja ajue kuushika mtambo wa mwenziwe mmoja wetu akipatwa na jambo. Hayo yote yanawezekana. Lakini yana gharama, na mzee huyu amekwisha kunionyesha kwamba shilingi 160,000 hazina nafasi.

MTEJA: Hazina nafasi kwa sababu unatoza kidogo, na bei yako ndogo ndiyo inayonitia hofu kuliko kifo chako. Kifo ni cha Mungu. Bei ni yako. Mwezi uliopita programu yako ilinikumbusha madeni matatu ambayo mimi na karani wangu tulikuwa tumeyasahau, na fedha nilizokusanya kwa madeni hayo zilipita ada yako ya mwaka mzima. Mtu anayenifaa namna hiyo kisha ananitoza bei ya magunia matupu, nafsi yangu huniambia kwamba hatadumu. Ataniacha mwakani arudi kazini, na madeni yangu atayaacha njiani. Nitoze shilingi 3,500, unipe hayo uliyoyataja kwa maandishi, nami nitalala.

MHASIBU: Hesabu inamkubali bibi. Maduka 80 kwa 3,500 ni shilingi 280,000. Hata 20 wakikasirika wakaondoka, 60 waliobaki watakupa 210,000, nawe utakuwa na simu chache za kujibu. Sikudhani nitasema neno hili leo.

MSANIDI: Nanyi mnaniomba niwafukuze hao 20. Mnawajua ni akina nani? Ni yule mwenye kiduka cha Likoni aliyekuwa akiandika madeni kwenye ukuta kwa makaa. Mimi sikuianza kazi hii kwa ajili ya wenye maghala tu. Nikiacha ajira ili niwatumikie watu, kisha jambo la kwanza nilifanyalo liwe kuwatoa walio wadogo, nitakuwa nimegeuka kampuni ile ile iliyomwambia mama huyu kwamba mfumo hauruhusu.

MTEJA: Hakuna aliyekuomba uwafukuze. Sisi wa jumla hatumtozi mwenye kununua gunia bei ya mwenye kununua paketi. Pima kwa ukubwa: mwenye wadeni 20 abaki 2,000, mwenye 200 kama mimi alipe zaidi. Hilo kila mtu sokoni atalielewa bila ya kuelezwa mara mbili, na atakayenung'unika ni yule anayeweza kulipa.

MHASIBU: Hata hivyo sijabadili shauri langu juu ya barua. Bei mpya haijajaribiwa. Ridhaa ya mteja mmoja mwenye busara si ridhaa ya 80. Nasema apandishe bei akiwa bado kazini, angoje miezi mitatu aone nani amebaki, aweke akiba ya nusu mwaka isiyoguswa, aandikiane na mkewe, ndipo aende kwa tajiri wake. Akiondoka kesho, atakuwa akipandisha bei na huku ana njaa, na mwenye njaa hawezi kusimama juu ya bei yake. Mteja wa kwanza atakayemkunjia uso atampunguzia.

MSANIDI: Na mimi nasema kwamba miezi mitatu mingine ya kumjibu mama huyu usiku ni miezi mitatu ya kumpa haki yake nusu, kisha kumtoza ada kubwa zaidi kwa nusu hiyo hiyo. Siwezi kupandisha bei kabla ya kuzidisha huduma. Nitakayemtoza 3,500 ni mtu ambaye simu yake naijibu saa nne asubuhi.

MHASIBU: Basi hapo ndipo tunapoachana, na sidhani kwamba mmoja wetu atamshinda mwenziwe kwa maneno.

MTEJA: Achaneni hapo kama mtakavyo, lakini mimi nina ombi, na namwomba huyu kijana kwa niaba ya wenye maduka wote walio katika kitabu chake. Sheria inakutaka umpe tajiri wako ilani ya siku 28. Kabla ya ilani hiyo, tuandikie sisi: utuambie lini unaacha kazi, bei itakuwa ngapi kwa kila mmoja, wakili anayeshika msimbo ni yupi, na ni nani atakayetujibu siku ambayo wewe huwezi. Tupe wiki mbili za kuisoma barua hiyo na kukurudishia majibu, kisha umpelekee tajiri yake.